Mama Meiva Haumwi

Kabla ya kunywa chai ya asubuhi, Rivo lazima aizunguke meza. Huzunguka akigusa kila pembe kwa kidole, huku akiimba kwa pua wimbo ambao hakuna anayeujua. Asipomaliza mizunguko yake, siku nzima huharibika. Kwa hiyo dada yake Meiva, msichana wa miaka kumi na miwili, huamka mapema, husogeza viti ukutani na kumpisha mdogo wake apite. Akimaliza, humvalisha shati na kumlisha ndizi za kukaanga. Rivo ana miaka minane. Daktari wa mjini aliiita hali yake usonji. Maneno yake ni machache, kelele humchoma masikioni, na miguu yake haijui kutulia.

Mimi ni jirani yao, nyumba ya pili ukipanda kuelekea mashamba ya maua. Hapa kijijini, milimani juu ya mji wa Manado, wakubwa kwa wadogo huniita Oma Yul, kwa kuwa nimekuwa bibi wa kila mtu; vivyo hivyo babu ni Opa, mjomba ni Om, na shangazi ni Tanta. Lakini kwa miezi mingi, wajukuu zangu, nilidhani nyumba ile ina watu watatu tu. Ule wimbo wa puani niliusikia, ndiyo. Nikasema, hawa watu masikini, redio yao imeharibika.

Walihamia kwetu msimu wa kuvuna karafuu, baba yake Meiva, Om Noldy, alipopata kazi ya useremala kwenye karakana ya nyumba za mbao kando ya barabara kuu. Jumapili moja mama alikuja kanisani na Meiva, baba hayupo. Jumapili iliyofuata baba alikuja na Meiva, mama hayupo. Tulidhani ni mambo ya kazi. Kumbe walikuwa wanapokezana kumficha Rivo.

Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wameumizwa. Katika mji waliotoka, kanisa lao lilikuwa kubwa, lenye feni na viti vya mito. Siku moja Rivo alikimbia katikati ya maombi akaangusha sinia la vikombe vya Meza ya Bwana. Hakuna aliyemtukana. Mama mmoja aliyevaa vizuri alimshika mama yao bega, akasema kwa upole, "Dada, si ungemwacha tu nyumbani? Watu wanashindwa kuabudu." Tangu siku hiyo zamu ya ibada za nyumbani ikawa inairuka nyumba yao. Meiva aliyaona yote hayo, akayaweka moyoni.

Kanisa letu ni dogo. Ukikohoa mbele, aliyekaa mlangoni atakuuliza umekunywa dawa gani. Kuna Opa Bert, mzee asiyesikia vizuri, ambaye humaliza kila wimbo wakati wenzake wameshakaa. Kuna Om Hengky, aliyewahi kufungwa jela, na sasa ndiye anayetukaribisha mlangoni. Kuna Tanta Susi msusi, ambaye makanisa mawili yalimwambia abadilike kwanza ndipo aingie. Kwetu aliambiwa tu asikae benchi la tatu, kwa sababu paa linavuja pale.

Na kila Jumatano jioni jumuiya yetu husali nyumbani kwa mtu, zamu kwa zamu. Mwenye zamu hupika, wenzake hubeba viti. Jina la mwenye zamu hutangazwa Jumapili kwa kipaza sauti cha mnara wa kanisa, ili hata aliyebaki jikoni asikie.

Basi Jumapili moja Tanta Alce, mzee wa kanisa anayeiongoza jumuiya yetu, alishika kipaza sauti. "Jumatano hii," alisema, "tutakuwa nyumbani kwa familia ya Noldy Sumendap. Ni mara yao ya kwanza, twendeni wote!"

Watu waligeuka kumtazama Meiva na mama yake wakitabasamu. Mama akatabasamu pia. Lakini njiani kurudi aliongeza mwendo, na Meiva akamfuata nyuma.

Nyumbani aliwasikia wazazi wakinong'onezana jikoni.

"Rivo utakaa naye chumbani," mama alisema.

"Chumbani? Ataupiga mlango mpaka bawaba zing'oke."

"Basi mpeleke karakana."

"Na watu wakiuliza baba mwenye nyumba yuko wapi?"



Tangu hapo Meiva hakupata raha. Jumatatu shuleni, rafiki yake Gledis, waliyekuwa wakiimba naye kwaya ya watoto, alimrukia mgongoni. "Jumatano tunakuja kula kwenu! Mama yako anapika nini? Usitupe biskuti na maji ya moto kama Tanta Yet!"

"Tutapika," Meiva alisema.

"Mbona umenuna? Au kwenu kuna mzimu?"

Wasichana wengine wakacheka. Meiva naye akacheka, lakini kwa kulazimisha. Alijua kitakachotokea. Wataingia, Rivo atapiga kelele, Gledis atatoa macho. Kisha zamu itaanza kuiruka nyumba yao, kwaya itampungukia nafasi, na mama yake atarudia kulia akiwa amefungulia bomba la maji ili asisikike.

Jioni ile alifagia sakafu iliyokwisha kufagiwa. Alifungua daftari la hesabu, akalifunga. Alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena.

"We mtoto," mama alisema, "leo unazunguka kuliko Rivo. Una nini?"

"Sina kitu, Mama."

Jumanne, akitoka shule, alimkuta Tanta Alce barabarani anageuza karafuu zilizoanikwa kwenye mikeka. Meiva alimpita. Akasimama. Akarudi.

"Tanta," alisema, "kesho haitawezekana kwetu. Mama anaumwa."

Tanta Alce aliinua uso. "Anaumwa nini?"

"Tumbo."

"Tumbo tu?"

"Na kichwa. Na mgongo."

"Yote hayo?"

"Yote, Tanta."

"Maskini mama yako Olvi! Haya, usihangaike, mwanangu. Nenda kampe maji ya moto. Mimi nitapanga."

Meiva aliondoka mbio, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alipumua. Aliona amejitoa mtegoni.

Kitendawili, wajukuu zangu. Mgeni gani hajaalikwa na mtu, lakini akiingia nyumbani, kijiji kizima kinamfuata? Mmeshindwa? Nipeni mji. Nimekwenda Manado, nimekula samaki, nimerudi. Jibu ni ugonjwa. Kwetu ukikataa wageni kwa kusema una kazi, watakuacha. Ukisema una safari, watakuacha. Ukisema unaumwa, watakuja hata waliokuwa hawaji. Meiva alilijua hilo vizuri. Ila mtu mwenye hofu husahau hata njia ya kwao.

Tanta Alce alikuja kwangu moja kwa moja. "Oma Yul, ibada ya kesho ni kwako. Mama Meiva mgonjwa."

"Kesho?" nikasema. "Alce, hata kuku wangu hajajiandaa!"

"Mjulishe," akanijibu, na akaelekea kanisani.

Punde si punde mnara ukakohoa. "Tangazo! Tangazo! Ibada ya kesho imehamia kwa Oma Yul. Ndugu yetu Mama Meiva ni mgonjwa sana, tumbo, kichwa na mgongo. Wanajumuiya tukutane njia panda sasa hivi, twende tukamwone na kumwombea."

Wakati huo Mama Meiva mgonjwa sana alikuwa anapanda ngazi za nyumba yake na mkungu wa ndizi begani. Alisimama katikati ya ngazi.

"Mimi?" alisema.

Meiva alikuwa mlangoni. Alirudi nyuma hatua moja.

"Meiva."

"Abee, Mama."

"Umesema nini, na umemwambia nani?"

"Mama, ingia kitandani! Tafadhali, Mama. Jifunike shuka. Watakaa kidogo tu, wataondoka!"

"Nitalala kitandani siku nitakayoumwa," mama alisema. Alitua mkungu. Alitaka kusema zaidi, lakini mwisho wa kichochoro tulikuwa tumeshatokea, tunaimba, mmoja na mayai, mwingine na sukari. Tanta Yet alibeba sufuria ya tinutuan, uji wetu wa mchele na boga na mboga za majani, moto, unafuka mvuke.

Tulijaa ngazini na sebuleni. Opa Bert, ambaye haoni haja ya kungoja maelezo, alivua kofia, akafumba macho na kuanza kuomba kwa sauti kubwa. "Ee Bwana, liguse tumbo hili!"

Ndipo mlango wa jikoni ulipofunguka kwa kishindo. Mtoto wa kiume alitoka amejiziba masikio kwa viganja, anapiga yowe. Alipita katikati yetu, akagonga sufuria ya Tanta Yet, akazunguka sebule akitafuta pa kutokea na asipaone. Nyimbo zilikatika. Opa Bert peke yake aliendelea.

"Huyu ni nani?" Tanta Yet aliuliza, gauni lake limejaa uji.

Meiva aliniambia baadaye kwamba jibu lilikuwa tayari mdomoni mwake: mtoto wa jirani. Lakini jirani ni mimi, na nilikuwa nimesimama mbele yake na vitunguu vyangu mkononi. Na Rivo alikuwa amemwona. Katika watu wote wale, alimkimbilia yeye, akajificha uso kwenye sketi yake ya shule.

Meiva alimshika kichwa.

"Ni Rivo," alisema. "Ni mdogo wangu. Kelele zinamuumiza. Na Mama haumwi. Nilidanganya mimi. Sikutaka mje mumwone."

Opa Bert alikuwa amefika kwenye mgongo. "Uunyooshe, Bwana, uti huu wa mgongo—"

Om Hengky alimgusa bega, akamnong'oneza sikioni, "Opa, hana ugonjwa!"

"Eh?"

"Mzima!"

Opa Bert alifumbua macho, akamtazama Mama Meiva aliyesimama wima na majani ya mgomba kichwani. "Amepona? Haraka hivi? Bwana asifiwe!"

Tanta Susi alianza kucheka, akajiziba mdomo asimshtue mtoto. Nami nikacheka, na Mama Meiva mwenyewe akacheka, kisha kicheko chake kikageuka kilio. Tuliketi pale pale sakafuni na ngazini, tukiongea kwa sauti za chini, na mama akatusimulia habari za kanisa kubwa na sinia la vikombe.

Alipomaliza, alimgeukia Meiva. "Umenitia aibu leo," alisema. "Umewadanganya watu waliotufanyia wema. Lakini kuficha umejifunza kwetu. Kila Jumapili, mimi na baba yako, zamu kwa zamu. Hilo ni letu, si lako."

"Mama, nilidhani wataacha kuja."

"Mimi pia nilidhani hivyo," mama akasema.

Tanta Alce hakusema mengi. Alimwambia Meiva, "Ulinidanganya machoni pangu, mwanangu, na mimi nikautangaza uongo mnarani. Hilo tutalizungumza. Kwanza kuna Oma Yul, aliyekwisha kuchinja kuku. Kesho utakwenda umsaidie. Na Jumatano ijayo zamu ni yenu, mkitaka."

"Na uji wangu uliobaki nimpe nani?" Tanta Yet aliuliza.

Tuliula sisi.

Kesho yake Meiva alikuja kwangu baada ya shule, akaomba radhi akitazama vidole vyake vya miguu. Nilimpa kazi. Alimenya vitunguu, akatwanga pilipili, akabeba viti na Om Hengky. Lakini niliona hajatulia. Kila mara alichungulia nje.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Tega, Oma."

"Ukimficha ndani ananenepa, ukimtoa juani anakufa."

Alifikiri. "Uyoga?"

"Uyoga hauwanyimi watu usingizi."

"Ah," akasema. "Uongo." Kisha akauliza polepole, "Oma, kama uongo umekufa, mbona bado naogopa?"

Nilimwelewa. Maana yeye sasa hakuogopa uongo wake. Alituogopa sisi. Watu ni wema siku ya kwanza. Mama yule wa mjini naye alisema kwa upole.

Wiki ile ilikwenda kwa kujikokota. Jumatano ilipofika, ukungu ulishuka kutoka mlimani na kukifunika kijiji. Wali wa kunata ulikuwa umeiva ndani ya mianzi, samaki wa moshi yuko tayari, Om Noldy amevaa shati la batiki. Rivo alikuwa sebuleni, hajafungiwa popote. Saa ya ibada ilifika. Hakuna mtu. Meiva alikwenda dirishani. Akarudi. Akapanga upya vijiko. Akaenda tena dirishani, hakuona ila ukungu.

"Hawaji," alisema.

"Subiri," baba yake alisema, lakini naye alikuwa anatazama mlango.

Kumbe tulikuwa njia panda. Tanta Alce alitusimamisha pale. "Sikilizeni," alisema. "Leo tunaimba kwa sauti ya chini. Hakuna kupiga makofi. Na viti visiguse ukuta, acheni njia huko nyuma, mtoto anahitaji kupita."

"Eh?" alisema Opa Bert.

Ilituchukua muda kumwelewesha, ndiyo maana tulichelewa.

Tuliingia mmoja mmoja. Rivo aliziba masikio, akatungoja. Tulipoimba wimbo wa kwanza kwa sauti ya kubembeleza, viganja vyake vilishuka kidogo. Kisha akaanza safari yake: nyuma ya viti, ukuta hadi ukuta, akigusa kila kiti kwa kidole na kuimba kwa pua. Neno la Mungu lilisomwa, naye anapita. Tukafumba macho kuomba, naye anapita. Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Mimi mwenyewe nilipoteza mstari mara kadhaa.

"Kichwa kinanizunguka nikimtazama," Tanta Yet alinong'ona.

"Usimtazame yeye," Om Hengky akamjibu. "Umekuja kumtazama Mungu au watoto wa watu?"

Katikati ya mahubiri Rivo alichoka, akakimbilia jikoni. Meiva alimfuata, na Gledis akamfuata Meiva. Rivo alikuwa anaizunguka meza. Wasichana wawili wakasimama mlangoni.

"Kwa nini hukuniambia una mdogo?" Gledis aliuliza.

"Ungecheka."

Gledis alifikiri. "Ningecheka, ndiyo. Siku ya kwanza. Halafu ningezoea." Alimtazama Rivo akipita tena. "Haanguki kizunguzungu?"

"Hajawahi."

"Mimi ningeshatapika."

Meiva alicheka hadi ikabidi ajizibe mdomo.

Waliporudi sebuleni tulikuwa tumefika mwisho. Kwetu, ibada ya nyumbani haifungwi mpaka mzee wa kanisa aiombee nyumba ile akiwataja wakaao humo, kila mtu kwa jina lake lote. Tanta Alce alisimama. "Noldy nalijua, Olvi nalijua," alisema. "Meiva, nitajie ya watoto."

Meiva alisimama. "Meiva Kristin Sumendap," alisema. "Na Rivo Yosafat Sumendap."

"Rivo nani?" Opa Bert aliuliza, mkono sikioni.

"Rivo Yosafat!" Meiva akarudia, kwa sauti ambayo nadhani walioko njia panda waliisikia, na hakuona aibu. Tanta Alce akayaombea yale majina manne, taratibu, bila kuruka hata moja. Om Noldy alifuta macho kwa mkono wa shati lake la batiki.

Baada ya kula, Meiva alikuwa anaosha sahani, Tanta Alce anazifuta.

"Tanta," Meiva alisema, "ulisema tutazungumza."

"Nilisema." Tanta Alce alishika sahani kwenye mwanga, akairudisha majini. "Hii bado ina mafuta. Sikiliza, mwanangu. Uliogopa, na kuogopa si kosa. Lakini uliogopa peke yako, ukatuhukumu kabla hujatujaribu. Ungeniambia kweli pale kwenye karafuu, ningejua la kufanya siku ile ile, na Oma Yul angebaki na kuku wake. Uongo wako ulitunyima nafasi ya kuwa watu wema."

Meiva alinamisha kichwa. "Samahani, Tanta."

"Nimekusamehe tangu Jumanne ile. Lakini lishike hili ukue nalo. Mimi kila Jumatano, watu wakiketi, natazama nani hayupo, ili kesho nikamjulie hali. Hiyo ndiyo kazi yangu. Sasa mkimficha mtu ndani, nitamtafutaje? Nitakwenda kulala nikidhani tumetimia, kumbe hatujatimia." Alichukua sahani nyingine. "Jumapili njooni wote wanne. Ila msikae benchi la tatu."